Dada Alilala Karakanani

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na vyumba vitatu: sebule, chumba cha kulala, na kile cha tatu nilichokijenga kiwe cha wageni. Wageni hawakukipata. Nilirudi kwetu, upande wa Nyamira, na sanduku la vyombo vya useremala baada ya kujifunza kazi mjini Kisii, nikatazama huku na huku nikitafuta mahali pa kuweka benchi. Pale nje hapakuwa na mahali. Shamba letu lilikuwa mteremko, na mteremko wote ulikuwa chai. Mke wangu alikuwa ameipanda mpaka upenuni, kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani ungeweza kuchuma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko. Mbele kulikuwa na kiwanja kidogo cha kuanika nafaka ya wimbi, kisha njia, kisha shamba la baba yangu mdogo.

Kufanya kazi kiwanjani kuliwezekana asubuhi tu. Wanaoijua nchi ya Gusii wanajua mvua yake. Jua linawaka vizuri, unafurahi, halafu baada ya chakula cha mchana mawingu yanashuka kwenye vilima na ubao ulioupiga randa asubuhi unalowa na kuvimba. Basi nikaingia ndani ya kile chumba cha wageni na benchi langu, na nikajifunza kubana vitu.

Mbao nilizipandisha juu, nikazilaza kwenye boriti za paa. Misumeno, patasi na nyundo nilivitundika ukutani kwenye vigingi, kila chombo na kigingi chake, kwa sababu kitu kikiwekwa sakafuni mle ndani ulikuwa huna pa kukanyaga. Viti vilivyokwisha nilivipandanisha sebuleni, na watoto wangu walivizoea hata wakawa wanakula wamekaa juu ya mali ya watu. Kilichonishinda ni ubao mrefu. Kupiga randa kunataka nafasi ya kusukuma kutoka mwanzo mpaka mwisho, na chumba kilikuwa kifupi kuliko ubao. Nikatoboa tundu kwenye ukuta wa udongo, kwenye kimo cha benchi, kubwa kidogo kuliko kichwa cha mtu. Ubao niliupitisha humo. Nusu yake ilikuwa ndani nami, nusu ilikuwa nje juani, na kuku waliirukia na kukaa juu yake mpaka nilipoanza kusukuma.

Nilijiona mjanja sana. Watu walikuja kulitazama lile tundu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Dada yangu mkubwa alikuja asubuhi moja katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kwenye michai. Alikuwa na furushi kichwani na mtoto mgongoni, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Watoto wake wawili wakubwa walikuwa wamebaki kwa baba yao. Hatukuhitaji kuuliza. Mume wake alikuwa ameoa mke wa pili, na shamba alilolilima dada yangu kwa miaka yote alikuwa akilimega na kumpa yule mgeni, kipande baada ya kipande, hata akamwachia mahali pa mboga tu. Dada alipolalamika alipigwa.

Alitua furushi mlangoni, akasema, "Nitalala popote. Hata jikoni."

"Jikoni hulali," mke wangu akamjibu. "Chumba kipo."

Aliyesema hivyo ni mke wangu, si mimi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa karakana, patasi mkononi. Na wazo langu la kwanza, kabla ya kumhurumia dada yangu, kabla hata ya kumtazama mtoto usoni, lilikuwa hili: ile kabati niliyoagizwa na mwalimu nitaimalizia wapi?

Lazima nieleze jambo moja, kwa wasio wa kwetu. Ng'ombe wanaoletwa dada anapoolewa ndio kaka yake anaooa nao. Ng'ombe waliokuja kwa ajili ya dada yangu walikaa zizini mwetu kwa muda mfupi, kisha wakaswagwa kwenda kwa wazazi wa mke wangu. Kwa hiyo mke wangu alikuwa nyumbani kwangu kwa sababu dada yangu alikuwa amekwenda kwa watu. Watoto wangu walizaliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mke wangu hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Alimpakulia dada chakula kwanza, na hakukaa kabla dada hajakaa. Mimi ndiye niliyekuwa msahaulifu.

Hata hivyo sikukaa bure. Nililing'oa benchi sakafuni, nikalifunga ukutani kwa bawaba, miguu yake ikawa ya kukunja. Jioni nililiteremsha likaning'inia ukutani kama dirisha lililofungwa. Nikatengeneza kitanda chembamba, cha kusimamishwa pembeni mchana na kulazwa usiku. Mke wangu alipokiona aliuliza, "Huyu ni dada yako au ni mtoto wa shule?"

"Kikipanuka, benchi halishuki," nikamwambia.

Akakitandika. Dada alikilalia hicho hicho, na mtoto wake ubavuni.

Kila asubuhi, kabla sijatoka chumbani mwangu, nilisikia akiamka, akikisimamisha kitanda, akikunja blanketi, akifagia. Maranda aliyakusanya kwenye kikapu akayapeleka jikoni kuwashia moto. Nilipoingia kazini nilikuta chumba ni karakana tena, kana kwamba hakuna mtu aliyelala mle. Nilifurahi. Sikujiuliza mtu anajisikiaje anapolazimika kufuta alama zake kila kunapokucha.

Kwenye boriti, juu ya kitanda chake, zilikuwepo mbao za saiprasi ambazo zilikuwa hazijakauka. Saiprasi mbichi hutoa utomvu. Asubuhi moja dada alitoka na kitambaa chake cha kichwa kimegandana na nywele, mke wangu akamkalisha kwenye jua akakibandua kidogo kidogo kwa mafuta ya taa. Nilitaka kuzihamisha zile mbao, nikazunguka nyumba nzima nikitafuta pa kuzipeleka. Mwishowe nikapigilia magunia chini yake ili yapokee utomvu. Tundu la ukutani nalo nililiziba usiku kwa gunia. Baridi iliingia vilevile.

Na tuseme ukweli, kazi yangu haikuwahi kwenda vizuri kama siku zile. Dada alikaa nje ya ukuta na kuushikilia ubao ulipotokea tunduni. Nikisukuma randa, ubao hautikisiki. Tulizungumza hivyo hivyo, ukuta ukiwa katikati, yeye haonekani, mimi sionekani.

"Mdogo wangu, umechoka?"

"Bado. Wewe je?"

"Mimi nimekaa tu. Kuku wako wananionea wivu."

Alijifunza kupiga msasa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Watu wakaanza kuzisifu meza zangu, wakizipapasa na kusema zinateleza kama mayai. Niliitikia zile sifa kwa kichwa. Sikumwambia hata mmoja ni mkono wa nani uliozilainisha.

Mtoto akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha asubuhi, kisha kikawa cha asubuhi na jioni. Vumbi la mbao lilikuwa kila mahali mle ndani: kwenye blanketi, kwenye nywele za mtoto, kwenye kikombe chake. Nilimwuliza dada, "Mtoto ana nini?"

"Ni baridi ya kuamka," alinijibu haraka mno. "Itaisha."

Nilijua si baridi, na yeye alijua kwamba najua. Lakini jibu lile lilinifaa, nikalichukua.

Siku iliyokuwa yake ni Sabato. Ijumaa jua lilipokuwa linashuka niliweka vyombo chini, na mpaka Jumamosi jioni hapakuwa na randa wala nyundo. Tulikwenda kanisani wote. Mchana, baada ya chakula kilichopikwa jana yake, dada aliingia chumbani mle, akalaza kitanda wakati wa jua, akafunga mlango. Wakati mwingine tulimsikia akiimba polepole. Ni siku hiyo tu chumba kile kilikuwa chumba cha mtu.

Watu wa mume wake walikuja mara moja. Walikaa na wazee wetu sebuleni kwa baba mdogo, wakanywa uji, wakazungumza habari za mvua na chai, halafu msemaji wao akasema walichokuja kusema: mke arudi, au ng'ombe warudi.

Sebule yote ikanigeukia mimi. Ng'ombe wangerudi kutoka wapi? Walikuwa wamekwisha kuzaa na kusambaa upande wa wakwe zangu. Kuwarudisha kungekuwa kuivunja nyumba yangu. Nilipaswa kusema neno. Nilipaswa kusema, dada yangu alipigwa, hatumrudishi, na la ng'ombe tutalizungumza kama wanaume. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nikiomba kimya kimya kwamba dada akubali kurudi. Ndiyo, niliomba hivyo.

Dada alikuwa amekaa karibu na mlango. Baba mdogo alipomruhusu, alisimama.

"Ng'ombe hawarudi," alisema. "Walikwisha kufanya kazi yao, na mke wa ndugu yangu hana kosa lolote. Na mimi sirudi. Kama kuna mtu anataka kunipiga tena, aje anipigie hapa mbele ya wazee."

Wageni waliinuka. Waliondoka wakisema watarudi, nao hawakurudi. Njiani kuelekea nyumbani nilitembea nyuma yake, nikamwona ametanguliza mabega kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Alikuwa ameilinda ndoa yangu. Kesho yake asubuhi aliamka, akasimamisha kitanda chake, akafagia.

Kisha ikaja kazi ya madawati. Wazazi wa kijiji cha jirani walikuwa wakijenga shule kwa harambee, kama kila mahali wakati ule, na kamati yao ikanichagua mimi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Dawati si kiti. Halipandanishwi juu ya lingine kwa urahisi, na sebule ilikuwa imejaa tayari. Nilipiga hesabu kichwani mchana na usiku. Kila nilipoipiga, madawati yaliishia pale pale, kwenye ule upande wa chumba uliokuwa na kitanda.

Jumamosi moja, baada ya chakula, nilidhani dada amekwenda na mke wangu kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nyumba ilikuwa kimya. Nilichukua futi ya utepe nikaiweka mfukoni. Nilijiambia kwamba kutazama si kufanya kazi. Nikausukuma mlango wa karakana, nikaingia, nikaanza kupima ukuta.

Nilikuwa nimeinama, ncha ya futi nimeikandamiza kwa goti, niliposikia sauti yake.

"Unapima nini, mdogo wangu, leo Sabato?"

Alikuwa amelala, amejifunika, mtoto amesinzia kifuani pake. Blanketi lilikuwa la rangi ya udongo, tundu lilikuwa limezibwa kwa gunia, na kwenye kile kiza sikuwa nimemwona.

"Naangalia tu," nikasema.

Alimlaza mtoto vizuri, akateremka kitandani, akaja akaishika ncha ya futi pale nilipokuwa nimeikandamiza kwa goti. Alikuwa amezoea kunishikia vitu. Akaivuta mpaka kwenye kona, nyuma ya kitanda, akaibana ukutani kwa kidole gumba.

"Soma," aliniambia.

Nikasoma. Nilizitaja futi zile kana kwamba ninakariri mbele ya mwalimu.

"Yanatosha?" aliuliza. Alikuwa amekwisha kujua habari za madawati. Nani asiyejua?

"Sijui," nikasema. "Dada, sikuwa na maana..."

"Najua," akasema, akaachia ile ncha. Futi ikanirudia mkononi.

Ningeweza kusema wakati ule. Palikuwa na nafasi ya kutosha kwa maneno machache: kaa, dada, madawati yatalala nje, yatafunikwa kwa majani ya ndizi, yatanyeshewa, potelea mbali. Nilitoka nje, nikasimama kiwanjani nikijifanya natazama mawingu.

Haikupita wiki akaniambia kwamba kuna mwanamke waliyebatizwa naye pamoja, ambaye sasa ana duka Mosocho, karibu na mji wa Kisii, na nyuma ya duka ana chumba kisicho na mtu. Alilisema akiwa nje ya tundu, ameshika ubao. Nilikuwa ndani, nikaisimamisha randa.

"Utakwenda lini?" nikauliza.

Aliendelea kuushikilia ubao upande wa pili wa ukuta. Nadhani alikuwa akisubiri swali jingine.

"Mvua ikipungua," akajibu.

Siku ya kuondoka nilikifungua kitanda, nikafunga mbao zake kwa kamba, nikazibeba mpaka barabarani ambako basi lilipita. Nilijitia bidii. Nilimwambia kondakta aziweke vizuri juu, nikapanda mwenyewe kuzikaza. Mtu angeniona angesema, tazama jinsi kaka anavyompenda dada yake. Mke wangu alimkumbatia dada, akalia waziwazi. Mtoto alikohoa, akanipungia mkono.

Nilipoingia ndani, mke wangu alikuwa amekaa sebuleni katikati ya viti vya watu.

"Haya," alisema. "Chumba chako hicho."

"Ni yeye aliyetaka kwenda."

"Baba watoto," akasema taratibu, "mimi niliingia hapa kwa sababu yake. Leo yeye ametoka kwa sababu ya madawati. Usiniambie alitaka."

Alinipikia siku zile, akanifulia, akaniamkia kama kawaida. Lakini kwa muda mrefu hakuingia karakanani, hata kuchukua maranda. Yalijaa mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Madawati niliyamaliza, na kamati ikayachukua ikiwa imeridhika. Watoto wa watu wakayakalia.

Msimu uliofuata mke wangu alichukua jembe, akaenda ubavuni mwa nyumba, akaanza kung'oa michai. Michai yake mwenyewe, aliyoipanda kwa mkono wake na kuipalilia mpaka ikaanza kuleta fedha. Aliing'oa safu nzima, mizizi na yote, kabla sijamwuliza.

"Mjengee dada nyumba hapa," alisema. "Ndogo, yenye mlango wake."

Nilikwenda Mosocho siku ile ile. Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa chembamba kuliko karakana yangu, lakini sakafu ilikuwa imepigwa samadi vizuri na dirisha lilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimelazwa ingawa ulikuwa mchana. Dada alinikaribisha, akanipa ndizi za kuchemsha na maziwa lala. Mtoto alikuwa akikimbia uani na watoto wa mwenye duka. Nilitega sikio nikisubiri akohoe. Hakukohoa, wala siku nzima hakukohoa.

Nikamweleza habari ya michai na nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mke wako nimeshukuru," alisema. "Kutoka moyoni, mwambie hivyo. Lakini mimi nimekwisha kupata pangu. Naamka ninapotaka. Nikiacha kikombe mahali, nakikuta."

"Dada, pale ni kwenu."

"Ni kwetu," akakubali. "Nitakuja kuwatembelea."

Nilirudi na jibu hilo. Kile kiwanja kilichong'olewa michai kikakaa wazi miezi mingi, kikiota magugu, na sisi wawili tukipita kando yake bila kukitaja. Mwishowe mvua ilikuwa inanilowesha mbao, kazi zilikuwa nyingi, na mahali palikuwa pale. Nikasimamisha nguzo, nikaezeka mabati, nikahamishia benchi huko. Ndiyo hiyo karakana yangu mpaka leo, pana, yenye mwanga pande zote, ubao wa urefu wowote unaingia. Watu husema nina bahati ya kuwa na nafasi. Mke wangu hakunizuia kuijenga. Aliniuliza tu, "Hapa?" nami nikasema, "Sasa wapi?"

Dada alikuja kutembelea kama alivyoahidi, mara mbili au tatu kwa mwaka. Wale watoto wake wakubwa walipokua walimfuata Mosocho mmoja mmoja. Alianza kwa kuuza ndizi uani, kisha akapata mahali pa kuuzia katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, na katikati ya miaka ya sabini wateja walikuwa wakimjua kwa sauti. Alipokuja kwetu alikaa na mke wangu jikoni, wakicheka. Mimi nilipoingia waliendelea kucheka, lakini waliteremsha sauti kidogo.

Jambo lile nililibeba miaka yote hiyo, na siku moja sikuweza tena. Nilikuwa nimekwenda mjini kununua misumari na gundi. Nikateremka mpaka Daraja Mbili, nikapenya katikati ya mikungu ya ndizi na marundo ya kabeji mpaka nikamfikia. Alikuwa amezungukwa na wanawake wanaochagua ndizi. Sikusubiri waondoke. Niliogopa kwamba nikisubiri nitarudi nyumbani bila kusema.

"Dada," nikasema, "siku ile ya futi, nilitakiwa nikwambie ukae."

Alikuwa akimhesabia mtu ndizi. Alimaliza, akafunga kikapu cha yule mwanamke, ndipo akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu mwenye kazi.

"Umetoka Nyamira kuja kuniambia hilo?"

"Nilikuwa na safari ya misumari."

"Ulitakiwa kuniambia," alikubali. "Hukuniambia. Nami nikapata pa kwenda." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Unataka nikujibu nini, mdogo wangu? Nikisema si kitu, nitakuwa nimedanganya. Nikisema ni kitu, utakuja hapa kila wiki. Hebu sogea kidogo, unawaziba wateja."

Nikasogea. Nyuma yake palikuwa na nafasi kati ya mikungu miwili, nikajibana hapo, mfuko wa misumari kifuani. Nilimwangalia akiuza. Alipohitaji mkungu ushushwe nilimshushia, naye akaupokea bila kugeuka. Mvua ilipoanza, wanawake wakakimbilia vibandani, nikamsaidia kufunika ndizi kwa turubai, kisha akaniambia niwahi basi kabla barabara haijawa tope.

Ndani ya basi nilikaa karibu na dirisha. Nilijaribu kufikiria kazi ya kesho, meza ya mtu wa posta. Niliyawaza yale maneno yake mpaka nilipofika kwetu, nikateremka, nikapanda kilima. Mke wangu aliniuliza kama nilimwona dada.

"Nilimwona," nikasema. "Yuko vizuri."

"Ulimwambia?"

Sikujua kwamba alikuwa akisubiri. "Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Nilivua koti lililolowa, nikalitundika. "Alisema nimewaziba wateja."

Mke wangu akaenda kunipakulia chakula.